Serikali ituguse kwenye sahani, au ikae mbali?

Wakuu, salaam.

Hoja ya serikali kuhimiza watu wale zaidi vyakula vya mimea ikitajwa tu, mazungumzo yanaharibika. Huyu analia na tabianchi, yule anasema kitoweo chake hakimhusu waziri. Wote macho yako kwenye kodi na marufuku. Mimi naona tunaanzia pabaya. Serikali tayari inalisha watu kila siku shuleni, hospitalini, magerezani. Ianze na masufuria yake yenyewe.

Denmark wamejaribu njia zote mbili. Mwaka 2011 walitoza kodi siagi, jibini, nyama na kingine chochote chenye mafuta mengi ya aina ile inayoganda. Watu wakavuka mpaka kwenda kununua siagi Ujerumani, na haikutimia miaka miwili kodi ikafutwa. Oktoba 2023 wakaja na mpango wa taifa wa vyakula vya mimea, wa kwanza duniani: fedha kwa wakulima na wasindikaji, mafunzo kwa wapishi. Hakuna aliyenyang'anywa nyama.

Hospitali za umma za jiji la New York nazo, tangu 2022, mgonjwa hutajiwa kwanza mlo wa mimea. Akikataa, anatajiwa wa pili, wa mimea pia. Akikataa tena, anapata nyama yake. Zaidi ya nusu huchukua wanachotajiwa. (Aliyelala kitandani pengine hana nguvu za kubishana na menyu, ila chakula kibaya angekirudisha tu.)

Nawasilisha.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, umejifunga mwenyewe. Mtu hana nguvu za kubishana, halafu unasema amechagua? Na vitamini B12 mmeisahau? Kwenye mimea haipo. Mtoto asiyekula nyama wala maziwa ataitoa wapi?

Mleta mada:
La mgonjwa umenibana, nakubali. Lakini hata nyama ikitajwa kwanza, kuna mtu ofisini aliyepanga hivyo. B12 uko sahihi kabisa, ndiyo maana nasema kupunguza, sisemi kufuta. Mwongozo wa lishe wa Ujerumani wa 2024 unashauri nyama isizidi gramu 300 kwa wiki, na maziwa yamo. Shule za Ufaransa zinatakiwa kisheria kutoa mlo usio na nyama wala samaki mara moja kwa wiki. Mara moja, mkuu!

Mchangiaji wa pili:
Mimi ni mfugaji, nacheka tu. Kila mkitoa ile asilimia 14.5 ya gesijoto ambayo FAO (shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa) ilisema 2013 inatokana na mifugo, mnaniangalia mimi. Sawa, ng'ombe anabeua methani, mojawapo ya gesi hizo, sikatai. Ila nina mkopo wa banda. Kunde hazikamuliwi alfajiri na jioni zikaleta hela ya kila siku. Nikigeuka mkulima, deni abebe nani?

Mleta mada:
Hapo sina jibu zuri, na hata huo mpango wa Denmark haukulipi banda. Uholanzi mwaka 2023 walifungua dirisha la kuwalipa wafugaji wafunge kwa hiari, ingawa wao shida yao ilikuwa naitrojeni itokanayo na samadi, inayochafua mazingira; hawakuwa wanafikiria sahani ya mtu. Sharti lake: ukishapokea pesa, huruhusiwi kwenda kuanzisha ufugaji wa aina hiyo kwingine. Wewe ungesaini?