Meseji ya "mzigo wako umekwama" imenikuta nasubiri mzigo kweli, na nimeshaweka namba ya siri. Nifanye nini?

Mama Masweta (Mwanjelwa, Mbeya)
Habari za jioni wanajukwaa. Naandika mikono ikitetemeka, na si kwa sababu ya baridi hii ya Juni.

Mimi nafuma masweta ya shule kwa mashine. Shule zinafunguliwa Julai na nina oda ya masweta 42 ambayo nimeshapokea nusu ya malipo. Jumatatu sindano za mashine zimekatika, nikaagiza nyingine Kariakoo pamoja na nyuzi za kijani, na muuzaji akasema anapakia kwenye basi. Leo saa kumi kasoro ikaingia meseji: "Ndugu mteja, kifurushi chako kimekwama kwa kuwa anwani haijakamilika. Lipia Tsh 2,350 kabla ya saa 6 usiku la sivyo kitarudishwa." Chini yake kuna linki yenye neno posta.

Unaposubiri mzigo hufikirii mara mbili. Nimefungua, nembo ipo, rangi zipo. Wakataka jina, namba ya simu, kisha namba ya siri ya M-Pesa "kuthibitisha malipo". Nikaweka. Ukurasa ukazunguka weee, haukuleta kitu. Baadaye kidogo ikaingia meseji yenye tarakimu sita, na kuna kaka ananipigia, sauti ya upole kabisa, anasema nimsomee hizo tarakimu ili mzigo uachiwe. Ameshapiga mara tatu. Sijamsomea. Ndani kuna laki tatu na themanini, hela za wazazi wa watoto. Bado zipo. Nisaidieni jamani, na msinicheke.

Wakala wa Uyole
Dada, usimsomee. Hata akikutajia jina lako na la baba yako, usimsomee.

Fanya haya sasa hivi kabla hujaendelea kusoma: piga *150*00#, ingia sehemu ya akaunti yako, badilisha namba ya siri. Usiweke mwaka wa kuzaliwa. Ukimaliza piga 100, huduma kwa wateja ya Vodacom, waeleze kila kitu kama ulivyotueleza hapa. Kama namba hiyo hiyo unaitumia benki, nayo ibadilishe usiku huu.

Nakueleza sababu ili utulie. Laini iko mkononi mwako, kwa hiyo namba ya siri peke yake haimtoshi. Anajaribu kufungua akaunti yako kwenye simu yake, na mtandao unatuma tarakimu sita kwako kuuliza kama ni wewe. Ndiyo maana anapiga kwa upole. Amebakiza hizo tu.

Baba Atu, Tukuyu
Pole sana mama. Hakuna wa kukucheka hapa. Mke wangu alilizwa 60,000 mwaka juzi kwa meseji ya namna hiyo, akakaa wiki nzima bila kuniambia kwa aibu. Siku ile ile angesema, huenda tungewahi kuizuia kabla haijatolewa kwa wakala.

Mpokea Mizigo
Nimefanya kazi ya kupokea mizigo ya mabasi hapa Mbeya kwa miaka sita, naomba niseme mzigo unavyokuja kwa kweli.

Anayetuma Dar anaandikiwa risiti yenye namba. Anaipiga picha na kukutumia WhatsApp. Kwenye boksi tunaandika kwa kalamu nene jina lako, simu yako na neno MBEYA. Basi likifika tunashusha, tunapanga, tunapiga simu: njoo uchukue. Unakuja na ile picha na kitambulisho, unasaini daftari. Nauli ya mzigo imelipwa Dar, au unailipa hapa dirishani ukiwa unauona mzigo wako. Sasa jiulize, anwani gani isiyokamilika? Mzigo wa basi hauna anwani ya nyumba, una jina na simu. Hiyo sentensi peke yake inaonyesha aliyeandika hajui mzigo wako ulipandia wapi.

Dada, chukua namba iliyopo kwenye risiti, siyo ya kwenye meseji, uwapigie.

Kijana wa Soweto
Mimi natofautiana kidogo. Si kila anayeomba hela ni tapeli. Boda huwa ananipigia, namtumia buku mbili, analeta.

Mpokea Mizigo
Sawa kabisa, ila huyo boda umemwita wewe, au ofisi imekuuliza kwanza kama uletewe. Mlipe akiwa mlangoni na boksi umeshalishika. Hatakuomba namba ya siri.

Fundi Kompyuta, Iringa
Kamwene. Niongeze juu ya linki, maana neno posta limewapoteza wengi. Mwenye tovuti hajulikani kwa neno la mwanzo. Tafuta mkwaju wa kwanza baada ya jina la tovuti, alama hii /, halafu rudi nyuma kushoto. Maneno yanayougusa ndiyo mwenye nyumba. Tovuti ya Shirika la Posta ni posta.co.tz, na za serikali zinaishia na .go.tz. Matapeli wanaweza kuandika posta.co.tz mwanzoni, kisha wakabandika kistari na maneno mengine marefu, mwishoni kukawa na herufi ambazo hujawahi kuziona. Kwenye skrini ndogo mwisho wenyewe hauonekani.

Kwa wanaoagiza China kupitia posta: namba ya kufuatilia mzigo wa kimataifa ina herufi mbili, tarakimu tisa, halafu herufi mbili za nchi ulikotoka, kwa mfano CN. Meseji ikisema mzigo umekwama bila kutaja namba hiyo, usiiamini. Ikitaja, linganisha na uliyopewa na muuzaji.

Mwana wa Rungwe (Marekani)
Ugonjwa huu hauko nyumbani tu. Huku tume ya biashara, FTC, ilitangaza kwamba mwaka 2024 watu waliripoti kupoteza dola milioni 470 kwa utapeli ulioanza na meseji, na meseji za mzigo ndizo zilizoripotiwa zaidi. Wana ujanja mwingine: wanakuambia jibu "Y" kisha ufungue meseji upya. iPhone huzima linki za namba usiyoijua, ukijibu inaziwasha. Msijibu chochote, hata matusi.

Mama Masweta
Nimerudi. Namba ya siri nimebadilisha, 100 nimeongea nao, wamenisikiliza vizuri. Hela ipo yote. Yule kaka amepiga tena, nikamuuliza mzigo wangu una nini ndani. Kimya, akakata.

Asubuhi nimekwenda stendi. Boksi langu lilikuwepo tangu jana saa tano, wameandika tarakimu moja ya simu vibaya ndiyo maana hawakunipata. Sindano zote nzima. Ndaga fijo kwa kila mmoja, hasa wewe wa Uyole. Saa tatu nilikuwa nimeshaanza sweta la kwanza.

Wakala wa Uyole
Mungu ni mwema. Sasa ile meseji usiifute kwanza, ipeleke 15040, namba ya kuripoti meseji za utapeli, pamoja na namba iliyoituma, na ya huyo aliyekuwa anapiga.

Muuza Mbao, Makambako
Naomba kuuliza. Mimi imeniingia leo mchana, maneno ni yale yale ila wameandika 1,980. Mzigo sijaagiza. Linki sijafungua. Nipeleke huko huko 15040?

Wakala wa Uyole
Huko huko, ni bure. Na nyumbani kwako mwambie kila anayetumia simu, leo hii, maana na yeye anaweza kuletewa meseji hiyo hiyo.