Naomba ushauri: taa ya injini imegoma kuzima, nibadilishe masega (kisafisha moshi cha ekzosi) au bado mapema?

Habari zenu wakuu. Nina gari ya petroli ya mwaka 1999. Taa ya injini inawaka, na nikiipima kwa mashine inaleta kodi mbili za hitilafu: P0171 (mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta) na P0420 (masega hayasafishi moshi inavyotakiwa). Nikifuta, zinarudi baada ya siku mbili tatu.

Fundi wa kwanza alikimbilia sensa ya oksijeni ya mbele. Nikanunua mpya, hela ikaenda, taa ikarudi vilevile. Sasa anataka nibadilishe masega, na hapo ndipo nimesita, maana si kitu cha kubahatisha.

Nilichokiona mwenyewe: gari ikiwa sailensa (injini inawaka bila kukanyaga mafuta), kompyuta inaongeza mafuta kwa asilimia 18 hivi. Nikikanyaga hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, inashuka hadi 4 au 5. Je, hiyo si dalili ya hewa kuingia kwa wizi, labda mpira wa vakyumu umepasuka au gasketi ya manifoldi? Pampu ya mafuta ikichoka nadhani ingezidi kwenye mwendo, siyo sailensa.

Ila sensa ya nyuma inanichanganya: volti zake zinapanda na kushuka karibu sawa na ya mbele, badala ya kutulia. Masega yamekufa kweli, au ekzosi ikivuja kabla ya sensa inaweza kudanganya hivyo?

Aliyewahi kukutana na hili, alianzia wapi? Na bila mashine ya moshi (ile inayopuliza moshi ili uonekane unapovujia), mnautafutaje uvujaji kwa usalama?