Ziara fupi ya baiskeli ya umeme katika mji wa pwani: je, inamfaa mtu aliyeacha kuendesha siku nyingi?

Msafiri Mtulivu:

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Mwezi ujao nitakuwa safarini pamoja na mume wangu na mama mkwe, na katika mji mmoja wa pwani tutakaoupitia tutakuwa na nusu siku tu kabla ya kuendelea na safari. Nimeona tangazo la ziara ya saa mbili na nusu kwa baiskeli za umeme, yenye kiongozi, ambayo huanzia bandari ya zamani, hufuata barabara ya ufukweni hadi kwenye mnara wa taa, kisha hupanda mtaa wa kilimani na kurudi ilikoanzia. Wenyewe wanasema umbali wote ni kama kilomita 18.

Mume wangu huendesha baiskeli ya kawaida, kwa hiyo yeye simhofii. Mimi niliacha tangu nilipomaliza shule. Mama amevuka miaka sitini, ni mzima wa afya na ni mtembeaji hodari, ila magoti yake hayapatani na ngazi wala vilima. Naomba kufahamishwa: mota hufanya kazi yote, au bado mtu anakanyaga? Betri ikiisha katikati ya njia, inakuwaje? Na ni mambo gani niyaulize kabla ya kulipa? Waliokwisha kuniambia kwamba ni rahisi tu na nitazoea ni wengi, nami nawashukuru, lakini nahitaji maelezo ya mtu anayezifahamu baiskeli hizi.

Fundi Spoku:

Dada, nianze na mota, kwa kuwa ndiyo inayozua hofu isiyo na msingi na pia matumaini yasiyo na msingi. Baiskeli nyingi zinazotumika katika ziara husaidia tu pale unapokanyaga. Ukiacha kukanyaga, mota nayo inaacha. Katika nchi za Umoja wa Ulaya sheria inaitambua kuwa ni baiskeli iwapo nguvu endelevu ya mota haizidi wati 250 na msaada unakatika mwendo unapofika kilomita 25 kwa saa. Marekani majimbo mengi huzigawa katika madaraja matatu: la kwanza husaidia anayekanyaga hadi kilomita 32 kwa saa, la pili lina kishikio cha kuongezea mwendo hata bila kukanyaga, na la tatu husaidia hadi kilomita 45. Uliza mtapewa aina gani. Anayerudi barabarani baada ya miaka mingi asikubali kupewa yenye kishikio hicho, kwani mkono ukikaza kwa woga baiskeli nayo huongeza mwendo, wakati ambapo mwendeshaji anataka kusimama.

Kuna tofauti nyingine ambayo matangazo hayaielezi, nayo ni jinsi mota inavyotambua kwamba unakanyaga. Baadhi ya baiskeli hutambua tu kwamba pedeli zinazunguka, hivyo mota huchelewa kidogo, kisha husukuma kwa ghafla, na ukiacha kukanyaga huendelea kwa nukta moja hivi. Nyingine hupima nguvu ya mguu: ukikanyaga polepole inakusaidia polepole, ukikaza nayo inakaza. Hizi za pili ndizo zitakazokufaa wewe na mama, kwa sababu haziendi mbele kabla hujaziamuru.

Kuhusu magoti, mota itapunguza mzigo mlimani kwa kiasi kikubwa, lakini haitayasaidia iwapo siti imeshushwa mno. Siti ya chini hulikunja goti kupita kiasi kila pedeli inapofika juu, na baada ya nusu saa maumivu huanza. Kipimo kinachotumika ni kukaa kitini, kuweka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa, na kuangalia kama mguu umenyooka. Najua anayeanza upya hupenda siti ya chini ili nyayo zote mbili zifike ardhini. Basi ashushe kidogo tu, asishushe hadi magoti yakamkaribia kifuani. Mama apewe fremu iliyoshuka katikati, isiyomlazimu kurusha mguu juu, na atumie gia nyepesi akizungusha miguu kwa wepesi badala ya kukanyaga kwa nguvu.

Betri isikutie wasiwasi. Baiskeli nyingi za mjini zina betri ya wati-saa 400 hadi 500, na katika mwendo wa wastani kilomita moja hula wati-saa kama 8 hadi 15. Hata tukichukua kiwango cha juu, kilomita 18 ni wati-saa 270. Swali la kuuliza ni kama baiskeli hizo hizo zimetoka asubuhi na kundi jingine bila kuchajiwa tena. Na ikitokea betri imeisha, baiskeli bado itakwenda kwa miguu yako, isipokuwa utakuwa unasukuma chuma cha kilo 20 hadi 27, na kilimani utazihisi zote.

Hilo la uzito ndilo ningependa ulizingatie kuliko kilima. Mota huubeba uzito huo baiskeli inapotembea. Inaposimama, unaubeba wewe. Wanaoanguka katika ziara hizi aghalabu huanguka wakiwa wamesimama au wakiwa wanageuza baiskeli mahali pembamba, baiskeli ikalala upande mmoja nao wakashindwa kuizuia.

Kiongozi wa Njia:

Namuunga mkono Fundi, nami naongeza kutoka upande wangu, kwani kuongoza makundi ya namna hii ndiyo kazi yangu.

Hesabu kwanza muda. Kilomita 18 kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa ni dakika 72. Kurekebisha siti, kuvaa helmeti na kupewa maelekezo huchukua dakika 20 au zaidi kama kiongozi anajali kazi yake. Inabaki karibu saa moja, nayo ndiyo ya kusimama, kutazama na kusikiliza. Hiyo ni ratiba yenye uwiano. Ukiona ziara ya muda huo huo inayoahidi kilomita 35, mtaona migongo ya wenzenu na si mji.

Pili, muulize mwenye ziara kama kuna mahali patulivu pa kufanyia mazoezi kabla ya kuingia barabarani. Mimi sianzi safari kabla ya kila mtu kuondoka na kusimama mara kadhaa mbele yangu. Kuondoka kuna utaratibu wake: shika breki zote mbili, kaa sawa, weka msaada katika kiwango cha chini kabisa, inua pedeli moja mbele yako, kisha achia breki huku ukikanyaga. Usiegemeze mguu kwenye pedeli wakati mnasubiri taa za barabarani, kwani mota ya baadhi ya baiskeli huliona shinikizo hilo kuwa ni amri ya kuondoka, nawe ukajikuta umelisukuma gurudumu la aliye mbele yako. Vilevile punguza gia kabla ya kusimama, si baada yake.

Breki nazo zinataka tahadhari kwa msafiri. Katika nchi nyingi za bara la Ulaya na Marekani, mkono wa kushoto ndio unaoshika breki ya mbele. Uingereza breki ya mbele iko mkono wa kulia. Ijaribu kila upande mkiwa bado kwenye uwanja wa mazoezi, na mueleze mumeo pia, maana mwendeshaji mzoefu ndiye anayevamia breki kwa mazoea ya mkono wake bila kufikiri.

Sasa nije kwenye upepo, jambo ambalo wageni wa pwani hulisahau wakiwa wameshughulishwa na vilima. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko bahari; hewa iliyo juu yake hupanda, na hewa baridi ya baharini huvutwa kuja kujaza nafasi. Upepo huo huanza taratibu kabla ya adhuhuri na mara nyingi hukolea alasiri. Kwa kuwa unavuma kutoka baharini kuelekea nchi kavu, kwenye barabara ya ufukweni hautakukabili usoni, utakupiga ubavuni, na mota haina msaada wowote kwa upepo wa ubavuni. Pale majengo au kuta zinapokatika ghafla, ndipo baiskeli inaposukumwa hatua moja pembeni. Legeza viwiko, punguza mwendo, na usiende sambamba na mwenzako. Kama mna hiari ya saa, chagueni asubuhi.

Ardhi ya pwani ina hila zake. Mchanga mwembamba uliopeperushwa juu ya lami hauonekani vizuri jua likiwa kali, na kukata kona au kubana breki juu yake ndiko kunakoangusha. Pita umenyooka, breki umeziachia. Njia za mbao huteleza zikilowa. Katika bandari za zamani mara nyingi kuna reli zilizozama kwenye sakafu ya mawe, na miji kama Lisbon na San Francisco ina reli za tramu zinazopanda hata vilima. Reli huvukwa kwa kuikata karibu na pembe mraba. Ukiifuata kwa ulalo, tairi huingia kwenye mfereji wake na usukani haukutii tena.

Kuhusu ukubwa wa kundi, mkiwa zaidi ya wanane ningependa kuwe na kiongozi wa pili nyuma. Wa mbele hawezi kuona kilichompata wa mwisho, na wa mwisho mara nyingi ni yule yule aliyehitaji msaada.

Mpenda Miguu:

Naomba radhi kwa kuwa tofauti na wenzangu. Kama mna nusu siku tu, kwa nini mama asitembee katika mji wa zamani kwa raha zake? Vichochoro vya bandari za kale vilipimwa kwa hatua za watu na mikokoteni. Juu ya baiskeli mtu hutazama tairi ya aliyemtangulia, na mlango uliochongwa anaupita kabla kiongozi hajamaliza sentensi. Ziara hizi huonesha urefu wa mji, lakini undani wake hazioneshi.

Kiongozi wa Njia:

Ndugu Mpenda Miguu, kwa upande wa vichochoro sina ubishi nawe. Kundi lenye baiskeli nzito halina kazi mle ndani, na kiongozi mzuri huzifunga baiskeli nje akaingia na watu wake kwa miguu. Lakini mji wa pwani kwa kawaida umetandazwa kwa urefu kando ya maji, na mnara wa taa hujengwa mbali, penye rasi au jabali, kwa sababu kazi yake ni kuonekana kutoka baharini. Kwenda na kurudi kwa miguu kutaimaliza nusu siku yao yote. Na kile kilima ambacho magoti ya mama yanakikataa ndicho mahali pekee ambapo ataiona bandari, ufukwe na mitaa yote kwa pamoja.

Msafiri Mtulivu:

Nimefaidika sana, nawashukuru nyote, hata ndugu aliyetushauri kutembea. Nimewaandikia wenye ziara, nao wamejibu kwamba wanafanya mazoezi kwanza, kundi halizidi watu wanane, na baiskeli ni zile zinazopima nguvu ya mguu. Tumechagua ya asubuhi. Yamebaki mawili. Wamesema mama akitaka wanaweza kumpa ya magurudumu matatu. Je, si salama zaidi kwake? Na tukifika pale, nitajuaje kwamba baiskeli zenyewe zimetunzwa?

Fundi Spoku:

Kwa mtu aliyewahi kuendesha ya magurudumu mawili, ya matatu si rahisi kama inavyoonekana. Haiegemei kwenye kona. Ukiikata kona kwa kasi huinua gurudumu la ndani, na mwili uliozoea kuegemea hushindwa kuielewa. Ni nzuri kwa asiyeweza kusawazisha kabisa, na kwenye njia tambarare iliyo pana. Kwa njia yenu inayopanda na kushuka kilima, mama ajaribu kwanza ya magurudumu mawili yenye fremu ya chini. Asipoiamini baada ya mazoezi, aulizwe kama kuna baiskeli ya abiria ambayo kiongozi au msaidizi humwendesha, na jambo hilo mliulize leo, msingoje asubuhi ya ziara.

Kuhusu matunzo, chumvi ya bahari haifichi siri. Inama utazame cheni: ikiwa na rangi ya kahawia yenye kutu na imekauka, mwenye baiskeli haifuti wala haitii mafuta. Tazama na misumari ya usukani na miguu ya spoku inapoingia kwenye ringi. Kisha bana mkono wa breki kwa nguvu. Ukifika hadi kugusa kishikio, omba baiskeli nyingine bila kuona haya. Bonyeza tairi kwa kidole gumba, lisibonyee. Mwisho washa kioo kidogo cha usukanini usome kiwango cha betri. Kama ndiyo kwanza asubuhi na kinaonesha nusu, haikuchajiwa usiku.

Kiongozi wa Njia:

Niongeze moja linalohusu karatasi. Kabla ya kutia sahihi, soma sehemu inayosema nani analipa baiskeli ikiharibika au ikiibwa mkiwa mmesimama, kwa kuwa baiskeli hizi ni za bei kubwa kuliko wageni wanavyodhani. Angalia pia kama bima yenu ya safari inaihesabu baiskeli ya umeme kuwa baiskeli au chombo cha moto, maana bima hazifanani katika hilo. Simu kaeni nazo mfukoni au kwenye begi. Picha zote nzuri hupigwa mkiwa mmesimama, na mkimwomba kiongozi asimame mahali fulani, atasimama.