Acheni kumwambia kila mtu "chukua 50mm f/1.8" bila kuuliza ukumbi ukoje!

Wakuu, imetosha sasa. Mtu akiuliza tu lenzi gani inafaa kupigia sherehe au mkutano ndani ya ukumbi wenye taa hafifu, hajamaliza hata sentensi jibu limeshatupwa: "Chukua 50mm f/1.8, bei poa, inakula giza." (Milimita zikiwa nyingi lenzi inabana zaidi; namba ya f ni uwazi wa lenzi, ikiwa ndogo mwanga unaoingia ni mwingi.) Hakuna anayeuliza kamera yake ina sensa gani, kile kibamba kinachonasa picha. Hakuna anayeuliza atasimama umbali gani. Maskini ananunua, anaenda kwenye kazi ya watu, anarudi na nyuso zilizokatwa masikio.

Haya, hesabu. Kwenye sensa ndogo ya APS-C, 50mm inabana kama 75mm ya fulu fremu (sensa kubwa), na kwa Canon ni 80mm. Simama mita 4 kutoka kwa watu, kamera ukiwa umeilaza: upana unaoingia kwenye picha haufiki mita 2. Hao ni watu watatu waliobanana. Meza ya watu wanane utaipigia wapi, nyuma ya ukuta? Hata 35mm kwa umbali huohuo inakupa mita 2.7 hivi, bado finyu. Picha za jumla kwenye APS-C zinataka 16mm hadi 24mm. 50mm ni ya sura, na ya mzungumzaji ambaye umeruhusiwa kumsogelea. Basi.

Najua mtakimbilia kwenye mwanga. Sawa, f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi ya f/5.6, hilo halina ubishi. Na ile 18-55mm inayokuja na kamera haifai kazi hii: inaanza na f/3.5, ukivuta hadi 55mm imeshajibana hadi f/5.6. Panapotosha f/2.8, shata (muda wa kunasa picha) ya 1/200 ya sekunde na ISO 3200 (usikivu wa kamera kwa mwanga), yenyewe itadai ISO 12800, au ushushe shata hadi 1/50 watu watoke kama mizimu. Tena ukiwa kwenye modi ya manual, unapopanga kila kitu mwenyewe, kila ukivuta zumu picha inazidi kuwa giza na wewe hujagusa kitu.

Lakini mbona hamsemi f/1.8 inakula nini? 85mm kwenye fulu fremu, f/1.8, umbali wa mita 2: eneo lililo kali ni kama sentimita 6 tu, mbele na nyuma kwa pamoja. Jicho la karibu liko safi, sikio limeyeyuka. Watu wawili mmoja akitangulia bega kidogo, mmoja kashapotea. Kwa hiyo mpigaji mwenye akili anabana uwazi hadi f/2.8 kwa wawili, f/4 kwa safu mbili, na ule uwazi mliomsifia unabaki kuwa namba iliyoandikwa kwenye lenzi.

Ndiyo maana kwa mtu wa lenzi moja jibu la kwanza ni zumu yenye f/2.8 isiyobadilika: 17-50mm au 17-55mm kwa APS-C, 24-70mm kwa fulu fremu. Kutoka f/1.8 kwenda f/2.8 unapoteza stopu moja na theluthi (kila stopu ni nusu ya mwanga), yaani ISO 2500 inakuwa 6400. Chenga (zile punje punje) za ISO 6400 zinasafishika kwenye kompyuta, mradi umepiga kwa RAW (faili ghafi la kamera) na hukupiga giza ukitegemea kuinua baadaye (kuinua giza ndiko kunakoleta chenga mbaya zaidi, sijui kwa nini hili linarudiwa kila mwezi). Aliyekatwa kichwa hasafishiki. Ile f/1.8 iwe ya pili mkobani, ya ukumbi ukizimwa taa.

Na nyie wa "nunua f/4 yenye kituliza mtikisiko, utapiga hata 1/15". Mnaniudhi kuliko wote! IS ya Canon, VR ya Nikon, OSS ya Sony, vyote ni vituliza mtikisiko na vinatuliza mkono wako tu. Anayecheza muziki nani anamtuliza? Mzungumzaji anataka angalau 1/125, anayetembea 1/200, wanaocheza 1/320 kwenda juu.

Fokasi ndiyo haiguswi kabisa. Mtu ana Nikon D3500 au D5600, mnamwambia "50mm f/1.8 ya Nikon", anaokota ya AF-D iliyotumika. Hizo bodi (kamera zenyewe) hazina mota ya fokasi ndani na AF-D haina mota yake, kwa hiyo atazungusha kwa mkono gizani usiku kucha. Mwambieni AF-S, yenye mota yake, herufi kwa herufi. Kwenye DSLR (kamera yenye kioo ndani) aanze na pointi ya katikati, ailenge penye mpaka wa rangi kama kola au nyusi, si kwenye shavu tupu. Lenzi ikishika nyuma ya jicho kila mara, apime: kamera kwenye tripodi, rula imelazwa kwa nyuzi 45, uwazi wote, alenge namba moja aone ipi imetoka kali. Bodi zenye marekebisho madogo ya fokasi zinaponya hilo. Bodi za bei ya chini nyingi hazina.

Mawili ya haraka, maana lenzi inasingiziwa sana. Taswira za taa zinazoelea upande wa pili wa taa zenyewe mara nyingi ni ile filta ya UV ya bei chee, itoe. Michirizi ya giza chini ya taa za LED mara nyingi ni shata ya kielektroniki: rudi kwenye ya mitambo, weka 1/100 penye umeme wa 50Hz au 1/120 penye 60Hz.

Na kama dari ni jeupe na fupi na flashi inaruhusiwa, igeuze juu, f/4, ISO 1600, hata hiyo zumu ya gharama haihitajiki. Dari jeusi? Sahau.

Sasa anayetaka kuja na "mbona mimi 50mm inanitosha", aanze kwa kuandika sensa yake, umbali aliosimama, na idadi ya watu kwenye picha.