Mjadala: Waogiek wapewe ardhi ya Mau kwa hati moja ya jamii, au kila mtu na ploti yake?

Natoa msimamo wangu mapema ili mnipinge waziwazi: Waogiek, jamii ya wawindaji na warina asali wa Kenya, warudishiwe ardhi yao ndani ya msitu wa Mau katika Bonde la Ufa, kwa hati moja ya jamii nzima, yenye masharti ya kuulinda msitu. Ploti hapana. Najua hapo nawaudhi hata baadhi ya Waogiek wenyewe.

Kwa asiyefuatilia: Oktoba 2009 serikali iliwapa notisi ya siku 30 wahame msituni. Kesi ikafika Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na tarehe 26 Mei 2017 ikaamuliwa kwamba Kenya imevunja haki zao. Juni 2022 mahakama hiyo ikaagiza fidia ya shilingi milioni 157.85, ardhi ipimwe, na hati itolewe kwa umiliki wa pamoja. Novemba 2023 nyumba zao zikawa zinabomolewa Sasimwani, Narok. Uamuzi upo, na watu wanalala nje.

Wanaopinga husema Mau ni chemchemi ya nchi nzima. Mara, Sondu na Njoro zote zinaanzia huko, kwa hiyo msitu usiachiwe kabila moja. Maji ni ya wote, sibishi. Ila aliyeumaliza msitu ni nani? Mwaka 2001 serikali yenyewe ilimega makumi ya maelfu ya hekta za Mau ili kugawa makazi. Majaji wa Arusha walilipima suala hilo na kuona kwamba uharibifu ulitokana hasa na wavamizi wengine, umegaji wa serikali na vibali vya kukata miti vilivyotolewa ovyo. Mlinzi ameadhibiwa kwa kosa la mwizi.

Utazame mzinga wa Kiogiek. Ni gogo la mwerezi lililopasuliwa, likachimbwa ndani, likafungwa tena na kupandishwa juu ya mti mkubwa. Mti huo ukianguka, mzinga hauna pa kukaa wala nyuki hawana maua. Ndiyo maana koo zilikuwa na maeneo marefu yanayopanda kutoka nyanda za chini hadi msitu wa juu: maua hayachanui kote kwa wakati mmoja, na mwenye mizinga huyafuata. Sasa mje na sorovea, mkate eneo kama hilo kuwa ekari tano tano. Aliyepata za chini hana asali ya juu. Atafanya nini na ekari zake ila kufyeka na kulima? Ploti zenyewe ndizo zitakazoumaliza msitu, hata kama kila mwenye hati ni Mogiek halisi.

Wengine watasema Waogiek wa leo wanalima viazi na kufuga ng'ombe, basi si watu wa msitu tena. Wengi wanalima, ni kweli. Lakini hakuna mkulima Kenya hii anayenyang'anywa shamba kwa kuwa ameacha jembe la babu yake na kukodi trekta. Mashamba yawekewe mpaka ndani ya hati hiyohiyo, basi.

Hofu yangu iko kwingine. Sheria ya mwaka 1968 ilileta ranchi za vikundi, yaani ardhi ya malisho iliyomilikiwa na kikundi kupitia kamati ya wawakilishi, na tuliona yaliyotokea Kajiado: kamati zikageuka wenye mali, ranchi zikagawanywa, vipande vikauzwa, vijana wakakuta ardhi ya kurithi imezungushiwa ua wa mwingine. Umiliki wa pamoja bila uongozi unaowajibika ni mauzo yaliyocheleweshwa tu. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 ina dawa fulani: baraza ni la watu wazima wote wa jamii, wanawake kwa wanaume, na mkataba wa uwekezaji unahitaji kukubaliwa na thuluthi mbili. Mimi ningeongeza sharti moja: ardhi ya msitu isigawanywe kamwe, hata baraza likitaka.

Mtaniambia msitu ni mali ya umma chini ya Kifungu cha 62 cha Katiba. Kisomeni chote. Kinaacha nje misitu ya jamii inayotajwa katika Kifungu cha 63, na Kifungu hicho cha 63 kinaitaja ardhi ya mababu na ya jamii za wawindaji na wakusanyaji kuwa ni ardhi ya jamii. Mlango umo ndani ya Katiba.

Linaloniumiza kichwa ni familia zilizopewa au kuuziwa ploti kwa hati zenye mhuri wa serikali, zikajenga, zikazika wazazi hapo. Wahamishwe na kufidiwa, au wabaki na mpaka wa jamii uwazunguke? Mimi naelekea kwenye fidia, ilipwe na serikali iliyotoa hati, na ilipwe kabla mtu hajabeba bati lake. Wenye ploti Mau, anzeni nyinyi.