Naomba ushauri: jarida linataka niweke wazi data za wajawazito niliowapima mwambao wa Kigoma

Mkunga wa Mwambao (Kigoma)

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Mimi ni mkunga, na kwa miaka miwili iliyopita nimekuwa nikisoma shahada ya uzamili huku nikiendelea na zamu zangu. Utafiti wangu ulihusu malaria na upungufu wa damu kwa wajawazito wanaohudhuria kliniki katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika. Makala yake imekubaliwa na jarida moja la nje, lakini kwa sharti ambalo limeninyima usingizi: kabla haijachapishwa, niweke data zote mahali ambapo msomaji yeyote anaweza kuzipakua. Mhariri amenipa siku 21.

Faili lenyewe ni la Excel, lina wanawake mia nne na ushei, kila mmoja na mstari wake. Safu ya majina nimekwisha kuifuta. Zilizobaki ni namba ya kadi ya kliniki, kijiji, umri, tarehe ya hudhurio, umri wa mimba, idadi ya uzazi, majibu ya kipimo cha haraka cha malaria, kiwango cha damu, hali ya VVU, umbali wa kutoka nyumbani hadi zahanati, na safu ya mwisho iitwayo "maoni", ambamo wasaidizi wangu waliandika chochote walichoona kina maana. Msimamizi wangu anasema kwamba kwa kuwa majina hayamo, nipakie tu. Mwandishi mwenza aliyeko Ulaya anasema hivyo hivyo, na ameongeza kuwa kukataa kutaonekana kana kwamba kuna jambo ninaloficha. Mimi moyo unasita. Kwa mfano, upo mstari mmoja ambao *[Sentensi mbili zimeondolewa na msimamizi wa jukwaa kwa ombi la mwandishi. Sababu inaonekana katika majibu.]*

Je, kufuta majina kunatosha? Na kama hakutoshi, nimjibu nini mhariri ili makala isinipotee?

Kapakua (Dar es Salaam)

Dada, usijitese. Fungua akaunti katika Zenodo, hifadhi ya data ya mtandaoni inayoendeshwa na CERN, kile kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya. Ni bure, na utapewa namba ya kudumu ya DOI siku hiyo hiyo. Majina hayamo, basi hakuna wa kulalamika. Mbona data za utafiti wa taifa wa afya ya uzazi, mtoto na malaria zinapatikana mtandaoni na hatujasikia mtu amedhurika? Tukiendelea kufungia data kabatini, tutabaki kuwa watu wa kukusanya tu, na wa kuandika watakuwa wengine.

Hesabu za Unyanyembe (Tabora)

Nimetumia sana data hizo za taifa alizozitaja ndugu Kapakua, kwa hiyo naomba nieleze jinsi zinavyotolewa, kwa sababu mfano wake unathibitisha kinyume cha anachosema. Kwanza, hupakui kama unavyopakua wimbo: unajisajili, unaeleza unataka kuchunguza nini, na unasubiri ukubaliwe. Pili, alama za GPS zinazoambatana nazo zimesogezwa makusudi. Eneo la mjini husogezwa hadi kilomita 2, la kijijini hadi kilomita 5, na sehemu ndogo ya maeneo ya vijijini, asilimia 1, husogezwa hadi kilomita 10. Hata hivyo takwimu za mkoa hazikuharibika. Ni data hizo zilizotuonyesha kwamba mwaka 2017 Kigoma iliongoza kwa malaria ya watoto chini ya miaka mitano kwa asilimia 24, na kwamba mwaka 2022 "ubingwa" huo tuliunyakua sisi Tabora kwa asilimia 23. Mkoa umejulikana, nyumba haijulikani.

Sasa turudi kwenye faili lako. Jina ni njia moja tu ya kumtambua mtu, na mara nyingi si njia fupi zaidi. Mwaka 1997 Latanya Sweeney, wakati huo akiwa mwanafunzi kule Marekani, alichukua data za matibabu za watumishi wa serikali ya jimbo la Massachusetts ambazo ziliondolewa majina, akazilinganisha na daftari la wapiga kura alilolinunua kwa dola 20, na kwa kutumia tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya eneo la posta akazipata kumbukumbu za matibabu za gavana wa jimbo, William Weld. Yeye alihitaji daftari. Katika kijiji cha wavuvi chenye zahanati moja, daftari ni akina mama wanaoanika dagaa pamoja. Wanajua nani ana mimba ya ngapi na alikwenda kliniki siku gani.

Fanya jaribio hili leo usiku. Panga faili kwa kijiji, umri na idadi ya uzazi, kisha uhesabu ni mistari mingapi inayofanana katika safu hizo tatu. Kila utakapokuta mstari uko peke yake, huyo anaweza kutambuliwa hata kama hana jina. Watu wengi wa kazi hii hawaridhiki hadi kila mchanganyiko uwe na watu 5 au zaidi. Na hiyo namba ya kadi ya kliniki ifute kabla hujafanya lolote, maana ni jina kwa tarakimu.

Mhudumu wa Jamii (Uvinza)

Dada mkunga, nakusalimu kwa heshima. Mimi si mtafiti. Ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na nilikuwa nasoma tu. Naomba usome tena ulichoandika mwishoni mwa aya yako ya pili. Umetaja umri wa binti, upande wa ziwa kilipo kijiji, mwezi aliohudhuria na jambo moja kuhusu mimba yake. Sikuwa na kompyuta wala daftari la wapiga kura, lakini nilipofika nukta ya mwisho nilikwisha kumfikiria mtu. Huenda nimekosea, na nisingependa kujua kama nimepatia. Tafadhali mwombe msimamizi aondoe maneno hayo sasa hivi, kabla uzi haujasambaa kwenye makundi ya WhatsApp.

Mkunga wa Mwambao (Kigoma)

Nimemwomba msimamizi, naye ameondoa. Mhudumu, asante, mikono ilinitetemeka niliposoma ujumbe wako, kwa sababu niliandika maneno yale nikidhani natoa mfano wa tahadhari.

Ndugu wa Unyanyembe, nimefanya jaribio lako. Kwa safu hizo tatu tu, zaidi ya nusu ya wanawake wako peke yao kwenye mstari. Kisha nikafungua ile safu ya "maoni", ambayo sikuwahi kuisoma yote kwa sababu haikuingia kwenye uchambuzi. Nimekuta "mke wa mwalimu mkuu", nimekuta "mume hajui majibu", na mahali pawili pana majina kamili. Jambo jingine: karatasi ya pili ya faili hilo, yenye majina na namba za simu, ilikuwa imefichwa tu na haikufutwa. Ningelipakia faili kama lilivyo, ingekwenda nayo.

Kuna kubwa zaidi. Nimetoa fomu ya ridhaa kabatini. Imeandikwa: "Taarifa utakazotoa zitatumiwa na watafiti wa utafiti huu pekee." Tuliwasomea sentensi hiyo kwa Kiswahili, na kwa waliohitaji ikafafanuliwa kwa Kiha, kisha wakaweka sahihi au dole gumba. Nakumbuka mama mmoja aliuliza mara mbili, "Pekee?" nami nikamjibu, "Ndiyo mama, pekee."

Mzee wa Kibali (Kigoma)

Binti yangu, niliwahi kukaa katika kamati ya maadili ya utafiti kwa miaka kadhaa kabla ya kustaafu, na fomu za aina hiyo nimezipitisha nyingi, wakati ambapo hakuna aliyefikiri kwamba majarida yangekuja kudai data. Kwa hiyo lawama si yako peke yako. Lakini neno "pekee" uliloulizwa mara mbili ndilo linaloamua. Huwezi kuliondoa kwa barua ya mhariri, wala kwa idhini ya msimamizi wako, kwa sababu si wao walioahidiwa.

Upande wa sheria nao haukuachi huru. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, na ina masharti kuhusu kuzipeleka nje ya nchi. Hali ya VVU ina ulinzi wake wa ziada katika Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008. Tazama pia cheti chako cha kibali kutoka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, yaani NIMR: kwa kawaida kina sharti la kuomba ruhusa kabla ya kuchapisha, na data zinapokwenda kwa mtu aliye nje ya nchi unatakiwa mkataba wa kuhamisha data. Kwa hiyo naomba nikuulize bila kukutega: huyo mwandishi mwenza wa Ulaya amelipataje faili?

Mkunga wa Mwambao (Kigoma)

Shikamoo mzee. Nilimtumia kwa barua pepe, lote, kabla ya kufuta majina. Alisema anataka kuhakiki hesabu.

Mzee wa Kibali (Kigoma)

Marahaba. Basi hilo ndilo la kwanza kesho asubuhi, kabla ya jarida. Mwandikie afute faili na nakala zake, na athibitishe kwa maandishi. Nenda kwa katibu wa kamati iliyokupa kibali ukamweleze yaliyotokea, wewe mwenyewe, asije akayasikia kwa mwingine. Kamati hazipendi habari hizo, lakini hupenda zaidi kuzisikia mapema. Katika safari hiyo hiyo peleka ombi la marekebisho, ukiuliza ni sehemu gani ya data inaweza kutolewa, kwa nani, na chini ya usimamizi wa nani. Na umwombe mhariri muda zaidi kwa kutaja kwamba suala liko mbele ya kamati. Siku 21 alizipanga mtu asiyejua ratiba za vikao vyetu.

Nesi wa Ipuli (Tabora)

Nakubaliana na mzee, lakini naomba mjadala huu usiishie kwenye kufuli. Wauguzi wenzangu wanajua kwamba kwa miaka mingi mjamzito mwenye malaria katika miezi mitatu ya kwanza tulimpa kwinini, anatapika, masikio yanavuma, na wengine wanaziacha dozi njiani. Dawa mseto tuliiogopa kwa kuhofia kiumbe. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dawa mseto ya artemether na lumefantrine itumike hata katika kipindi hicho, na miongoni mwa ushahidi uliolifikisha hapo ni uchambuzi uliounganisha data za mjamzito mmoja mmoja kutoka tafiti mbalimbali, ambazo kila moja peke yake ilikuwa na wanawake wachache mno kuweza kujibu swali hilo. Kama kila mkunga angefungia faili lake, tungekuwa bado tunagawa kwinini.

Na wanaounganisha data za namna hiyo hawahitaji ziwe wazi kwa kila mpita njia. Hifadhi kama ile ya IDDO kule Oxford, ambayo mtandao wa WWARN wa dawa za malaria ni sehemu yake, hupokea data, huzipanga katika mfumo mmoja, na anayezitaka hupeleka ombi linaloamuliwa na kamati. Mlango upo, na pana mtu mlangoni.

Hesabu za Unyanyembe (Tabora)

Nesi amenena. Kamati ikiruhusu, dada, andaa faili la pili, dogo, lenye yale tu yanayohitajika kurudia majedwali ya makala yako. "Maoni" yaondoke yote. VVU iondoke pia, kama haikuingia katika jedwali lolote. Umri uwe makundi, na walio chini ya miaka 20 wawe kundi moja, hata kama unatamani kuonyesha hali ya mabinti wadogo. Hilo lieleze kwa maneno ya jumla ndani ya makala. Vijiji vigeuze kuwa "mwambao" na "milimani". Umbali nao uwe makundi, kwa sababu mwenye kilomita 11 kamili anaweza kuwa mmoja.

Tarehe ndiyo yenye utata. Wapo wanaosogeza tarehe za kila mtu kwa idadi ya siku isiyotabirika, na kwa magonjwa mengi inafaa, lakini malaria inafuata mvua, na ukizisogeza utakuwa umemhamisha mwanamke wa masika kwenda kiangazi. Weka msimu tu. Hifadhi faili kama CSV, ambayo haibebi karatasi zilizofichwa, na uambatanishe maelezo ya kila safu: kipimo gani, kizio gani, na nafasi tupu ina maana gani. Nimewahi kupokea faili ambamo 99 ilikuwa "hakujibu" kwenye safu ya umri, nikapoteza siku nzima nikimtafuta bibi mjamzito.

Kapakua (Dar es Salaam)

Nakiri niliharakisha. Nibakize moja tu: Zenodo inaruhusu kuweka maelezo yakawa wazi huku faili lenyewe likiwa na kizuizi, kwa hiyo DOI bado unaweza kuipata.

Mkunga wa Mwambao (Kigoma)

Nimerudi baada ya siku tisa. Mwandishi mwenza amefuta na kuthibitisha, ingawa kwa barua fupi yenye ubaridi. Katibu wa kamati alinisikiliza, akanikemea, kisha akanipa fomu ya marekebisho. Mhariri ameongeza muda na kuniomba tamko la upatikanaji wa data. Nimeandika hivi: "Data za utafiti huu zina taarifa nyeti za afya na haziwezi kuwekwa wazi. Zitapatikana kutoka kwa mwandishi kwa maombi yanayofaa." Naomba mnisahihishie.

Hesabu za Unyanyembe (Tabora)

Sentensi ya pili ibadilishe. Uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 2022 uliwaandikia waandishi wa makala 1,792 waliokuwa wameahidi namna hiyo, na asilimia 93 ama hawakujibu ama walikataa. Wahariri wameichoka. Majarida ya PLOS, kwa mfano, yanakubali data zisiwekwe wazi kwa sababu za usiri, lakini hutaka anwani ya chombo ambacho si mwandishi. Andika kwamba maombi yapelekwe kwa katibu wa kamati ya maadili, utaje anwani ya ofisi, na utaje namba ya kibali. Ukihama kituo au ukibadilisha simu, ofisi itabaki pale pale. Na katika sentensi ya kwanza taja sababu halisi, kwamba ridhaa ya washiriki haikuruhusu.

Mkunga wa Mwambao (Kigoma)

Nimebadilisha zote mbili, na katibu amekubali anwani ya ofisi yake itumike. Kwa utafiti unaofuata nimeanza kuandika upya fomu ya ridhaa, yenye sehemu mbili za kuweka dole gumba: moja ya kushiriki, nyingine ya kuruhusu data zilizofichwa utambulisho zitumiwe na watafiti wengine. Mhudumu wa Uvinza, kama una nafasi, ningependa uisome wewe kwanza, kabla ya msimamizi wangu.

Mhudumu wa Jamii (Uvinza)

Ilete, dada. Nitamsomea mama yangu kwa Kiha, nione anakwama wapi.