Manjano kwenye mchuzi: yatiwe lini, na kiasi gani?

Jikoni77: Wapishi, mchuzi wa samaki wa nazi, samaki kilo moja. Manjano yanaacha uchungu na harufu ya udongo. Kosa liko wapi? Na ile faida ya kiafya inabaki?

Kikaango: Uchungu ni wa kuzidisha au kuunguza. Kijiko kimoja cha chai kinatosha. Kitunguu kikishaiva punguza moto, tia manjano, koroga nusu dakika, kisha nyanya papo hapo. Ukiyatia mwishoni bila kuyakaanga, ndiyo hiyo harufu ya udongo.

TuiZito: Kurkumini, kile kiambato cha manjano kinachosifiwa kwa afya, haiyeyuki vizuri majini, inataka mafuta, tui unalo. Ongeza robo kijiko cha pilipili manga, piperini yake husaidia mwili kuifyonza. Ila tusidanganyane: kurkumini ni kama asilimia 3 tu ya unga, mchuzi si dawa. Na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asiguse vidonge vya manjano kabla ya kumuuliza daktari.

Kikaango: Dukani taja manjano. Ukisema "bizari" tu, unaweza kufungiwa bizari nyembamba.